Jinsi ya kupanga websaiti ya duka ili mteja asipotee: njia kwanza, mpangilio pili, rangi baadaye

Watu wengi wakianza kutengeneza websaiti ya biashara hapa Nairobi kitu cha kwanza wanauliza ni rangi, logo itakaa wapi na ile picha kubwa ya juu itakuwa gani. Hayo yote yana nafasi yake lakini si hapo pa kuanzia. Mtu akiingia websaiti yako ako na swali kichwani, na kila kitu utakachoweka pale, kila batani, kila neno la menyu, hata kila nafasi uliyoacha wazi, kinamsogeza karibu na jibu ama kinamchelewesha, na akicheleweshwa sana anarudi Google anafungua duka la jirani. Kwa hivyo tuanze na maswali ya mteja, alafu njia za kuzunguka ndani, alafu macho yanavyosoma ukurasa, na rangi tutazifikia huko mbele.

Nitatumia mfano mmoja tu, duka la spea za magari pale Kirinyaga Road, ju biashara ya spea inaonyesha haraka sana kama websaiti imepangwa ama imerembwa tu.

Anza kwa kaunta

Kabla ufungue kompyuta nenda usimame kwa kaunta ya hilo duka uskize. Mteja anaingia, "Boss, uko na shoko za mbele za Fielder?" Muuzaji hakimbii kuleta shoko, anauliza kwanza, "Ni ile ya zamani ama ile ilianza 2006? Chasisi unaijua?" Maana Fielder yenye chasisi NZE121 na ile ya NZE141 zote zinaitwa Fielder lakini ni magari tofauti na spea zake nyingi haziingiliani. Mteja akijibu anaulizwa tena, "Ya kulia, ya kushoto ama zote mbili?" alafu, "Unataka mpya ama eksi-Japani?" na hapo sasa ndio bei inatajwa.

Ukiyaangalia hayo maongezi vizuri utaona ndio websaiti yenyewe. Gari, chasisi, spea, upande, hali, bei. Muuzaji amerudia hio mpangilio kwa miaka na miaka mpaka ikawa ndio njia fupi kabisa ya kumtoa mtu kwa "nataka shoko" hadi shoko iwe mkononi, sasa wewe ukija na templeti yenye menyu ya "Kuhusu Sisi, Maono Yetu, Huduma, Galeri, Wasiliana Nasi" unakuwa umetupa kazi yote ya huyo muuzaji. Hakuna mtu amewahi kuingia Kirinyaga Road akiulizia maono ya duka. Andika maswali yote unayoskia kwa daftari, yale yanayorudiwa sana ndio yataenda juu kabisa ya websaiti, yale hayaulizwi na mtu yanashuka chini kwa maandishi madogo, na hio peke yake imeshakufanyia nusu ya dizaini.

Kitu kingine cha kufanya hapo hapo, nunua manila, kata vikaratasi kama 30 ama 40, kila kimoja uandike spea moja inayouzwa pale dukani. Wape wateja wavipange kwa mafungu wanavyoona inaingia akilini alafu kila fungu walipe jina wao wenyewe. Usiwape wafanyakazi wa duka, wao washazoea kabati zao. Utaona makanika anapanga kwa sehemu ya gari, breki huku, injini huku, sasipensheni huku, lakini mwenye gari anapanga kwa gari, vitu vya Fielder, vitu vya Probox, vitu vya Vitz. Wote wako sawa na usijaribu kuchagua mshindi, inamaanisha tu websaiti inahitaji milango miwili, wa kuchagua gari na wa kuchagua aina ya spea, na yote miwili ifike kwa ukurasa ule ule mmoja wa shoko.

Menyu na njia

Utaskia watu wakisema menyu isizidi vitu 7. Hio namba ilitoka kwa karatasi ya mwanasaikolojia George Miller ya 1956 kuhusu vitu vingapi mtu anaeza kushikilia kichwani kwa wakati mmoja, lakini menyu iko mbele ya macho, hakuna mtu anaikariri, kwa hivyo hio si sheria ya menyu. Unaeza kuwa na vitu 9 na watu wasipotee kama kila kimoja kinajieleza na hakifanani na jirani yake, na unaeza kuwa na vitu 4 na kila mtu akapotea kama vimeitwa "Bidhaa", "Suluhisho", "Huduma" na "Zaidi". Tofauti kati ya bidhaa na suluhisho ni gani? Mteja hajui, na sidhani hata mwenye websaiti anajua. Tumia maneno uliyoyaskia pale kaunta. Kama watu wanasema shoko, andika shoko, namba za katalogi za Japani ziweke ndani ya ukurasa kwa wale wanaozihitaji.

Sasa ile ikoni ya mistari mitatu. Ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani, ilichorwa na dizaina Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star iliyotoka 1981, na leo kila templeti ya simu inaficha menyu yote hapo nyuma yake. Shida ni kwamba kitu kilichofichwa hakikumbukwi, Nielsen Norman Group, kampuni inayotafiti vile watu wanatumia websaiti, walipima hii mambo wakachapisha matokeo 2016 na ikaonekana menyu iliyofichwa watu huitumia kidogo kuliko ile inayoonekana wazi, kwa simu na kwa kompyuta pia. Sisemi uitoe kabisa, kwa simu nafasi ni ndogo na vitu vingine lazima viingie mahali. Lakini vile vitu ambavyo duka linaishi kwavyo viache nje vionekane, kwa duka letu ni Chagua gari, Tafuta, Piga simu na Kikapu, vinne hivi vinakaa vizuri kwa mstari mmoja chini ya skrini, alafu sera ya kurudisha mzigo na mengine kama hayo ndio yaende nyuma ya ile mistari mitatu.

Na usitengeneze menyu ya kufunguka ukipitisha mausi juu yake. Kidole hakipiti juu ya kitu, kidole kinabonyeza, kwa hivyo kwa simu hio menyu inakwama ama inafunguka na kujifunga kabla mtu asome. Ifunguke kwa kubonyeza, basi.

Hii sehemu inayofuata ndio naiona imeachwa sana na inaniuma. Dizaina anatumia wiki nzima kwa ukurasa wa kwanza alafu kurasa za ndani zinajazwa tu haraka haraka, na ukweli ni kwamba watu wengi hawapitii mlango wa mbele kabisa. Mtu ametafuta "shoko Fielder NZE141 Nairobi" Google ikamtupa moja kwa moja kwa ukurasa wa shoko, ama makanika amemtumia linki kwa WhatsApp akiwa gereji. Huyo mtu hajaona picha yako kubwa wala ule ujumbe wa kukaribisha. Kwa hivyo kila ukurasa wa ndani ujitegemee, uonyeshe hili ni duka gani, niko sehemu gani ya duka, na kutoka hapa naeza kwenda wapi. Logo juu kushoto ambayo ukiibonyeza inakurudisha mwanzo, na chini yake ule mstari mdogo wa njia, Mwanzo › Toyota › Fielder NZE141 › Shoko za mbele, na kila neno pale libonyezeke. Huo mstari ni mdogo lakini unafanya kazi kubwa, mtu aliyetua kwa shoko ya kulia kimakosa anabonyeza "Shoko za mbele" anaiona ya kushoto bila kuanza upya. Ukitaka kujua kama umefaulu, piga skrinshoti ya ukurasa wowote wa ndani umwonyeshe mtu asiyejua hilo duka, umuulize hayo maswali matatu.

Kuna pia hii imani kwamba mtu lazima afike kwa mibonyezo 3 la sivyo anaondoka. Usijisumbue nayo. Gari, chasisi, spea, upande, hio ni minne na hakuna mtu atalalamika kama kila mbonyezo unamhakikishia amekaribia. Kinachochosha ni kubonyeza kwa kubahatisha, unaingia "Suluhisho" hamna kitu, unarudi, unaingia "Huduma" hamna kitu, unarudi, hapo hata mibonyezo miwili ni mingi.

Kuhusu kisanduku cha kutafuta, kwa duka la spea hiki ni cha lazima, na kionekane kama kisanduku chenyewe, si ikoni ya lenzi imejificha kwa kona. Namba za spea za Toyota kwa kawaida huandikwa tarakimu 5, kistari, alafu 5 zingine, sasa mteja mmoja ataandika na kistari, mwingine bila, mwingine ataacha nafasi katikati, na zote zilete jibu lile lile. Mwingine ataandika "shokabsoba" ama "brek pad" vile anavyoskia, hayo maneno yaingize kwa mfumo kama majina mengine ya kitu kile kile. Na mtu akitafuta kitu ambacho hakipo usimwachie ukurasa mweupe wenye "Hakuna matokeo", hapo ndio mahali pa kuweka batani ya WhatsApp na maneno "Hatuna kwa websaiti, tuulize kama iko stoo", maana kwa hii biashara kila mtu anajua kitu kinaeza kosekana kwa rafu lakini kikapatikana duka la pili ndani ya dakika chache.

Kitu kidogo cha mwisho kwa njia, mteja akichagua filta zake, mpya, kulia, bei ya chini kwanza, alafu afungue spea moja na kurudi nyuma, akute filta zake bado ziko. Weka hizo filta kwa anwani ya ukurasa, ile linki ya juu (URL). Hii pia inamsaidia yule anayetaka kutuma linki kwa makanika wake, anamtumia orodha ile ile anayoiona yeye.

Sasa macho

Chora kwanza kwa upana wa simu, pikseli 360 hivi, ju simu nyingi za Android ziko karibu na hapo na wateja wako wengi ndio wanakuja kwa hizo. Dizaina Ethan Marcotte ndiye alielezea mwaka 2010 ile mbinu ya ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na skrini, na mpaka leo ndio njia, lakini kuna watu bado wanachora kwa kompyuta alafu wanabana iingie kwa simu, ndio unapata jedwali lenye kolamu 6 ambalo lazima ulivute pembeni ili uone bei. Ukianza na ndogo unalazimika kuamua nini ni muhimu. Na usisahau ile tagi ya viewport yenye width=device-width, mstari mdogo kwa HTML unaoambia simu itumie upana wake yenyewe, bila hio simu inaweza kuuchora ukurasa kana kwamba ni skrini ya kompyuta alafu inaupunguza, kila kitu kinakuwa cha kusoma kwa miwani.

Kila ukurasa uwe na kitu kimoja kikubwa. Kwa ukurasa wa shoko mpangilio wangu ni huu: jina na gari linaloingia, picha, bei, kama ipo ama haipo, alafu batani ya kununua, na maelezo marefu yanafuata chini. Mtu asilazimike kuskroli kutafuta bei, kuficha bei kunafanya watu wadhani umepandisha. Jaribio rahisi ni kufumba macho nusu ama kusimama hatua mbili nyuma ya skrini, ukungu ukiingia ni nini bado unakiona? Kama unachoona ni bango la ofa na si shoko, ukubwa umegawanywa vibaya.

Mwaka 2006 hao hao Nielsen Norman Group walieleza, kutokana na vipimo vya mienendo ya macho, kwamba watu kwa ukurasa wenye maandishi mengi husoma mstari wa juu, wanashuka kidogo, wanasoma mstari mwingine mfupi, alafu macho yanateremka tu upande wa kushoto kama umbo la herufi F. Hii ina maana kwa anayepanga ukurasa kwamba maneno mawili ya kwanza ya kila mstari ndio yanabeba mzigo. "Shoko ya mbele kulia, Fielder NZE141" inasomeka hata kwa jicho linalopita. "Pata sasa bidhaa bora kabisa ya shoko kwa ajili ya gari lako" inamaliza macho ya mtu kabla haijasema kitu.

Alafu nafasi. Mwanasaikolojia Max Wertheimer aliandika kuhusu hii 1923, kwamba vitu vilivyo karibu macho yanavihesabu kuwa kundi moja, na ndio kanuni naitumia kuliko zote. Angalia orodha yoyote ya bidhaa ambayo bei imekaa katikati kabisa ya picha mbili, juu yake shoko, chini yake brek padi, umbali ni sawa, bei ni ya nani? Unalazimika kuskroli mpaka mwanzo ndio uhesabu. Dawa yake ni kuhakikisha nafasi ndani ya kundi ni ndogo kuliko nafasi kati ya makundi, na tofauti ionekane wazi, mfano pikseli 8 kati ya jina na bei yake, alafu 32 kabla ya bidhaa inayofuata. Ukichagua vipimo vinavyogawika kwa 8, yaani 8, 16, 24, 32, 48, na ukavishikilia websaiti nzima, ukurasa unatulia wenyewe. Mama mboga akipanga nyanya kwa mafungu ya shilingi hamsini hachori mstari katikati, anaacha nafasi, na hakuna mtu anamuuliza fungu hili linaishia wapi. Kwa hivyo kabla uweke mstari, boksi ama kivuli kutenganisha vitu jaribu nafasi kwanza.

Hapa ndio klaenti atakuambia, "Mbona hapa pako wazi, si uweke kitu?" Usibishane naye kwa maneno, mpe simu, muweke kurasa mbili, ile iliyojazwa na ile iliyoachiwa nafasi, mwambie atafute bei ya brek padi za Probox kwa zote mbili. Ataona mwenyewe.

Picha zinazozunguka zenyewe pale juu, zitoe. Najua kila mtu anazitaka, meneja wa mauzo anataka ofa yake, bosi anataka picha ya duka, na slaidi zinaonekana kama njia ya kumridhisha kila mtu. Websaiti ya Chuo Kikuu cha Notre Dame kule Marekani ilipimwa 2013 na ikaonekana kama asilimia 1 tu ya wageni ndio walibonyeza hizo slaidi, na mibonyezo mingi sana ilienda kwa ile ya kwanza. Pia ni picha tatu nne nzito ambazo mteja anazilipia kwa bando lake. Hapo weka sehemu ya kuchagua gari: kampuni, modeli, mwaka. Hio ndio itafanya kazi.

Maandishi ya kawaida yasishuke chini ya pikseli 16, nafasi ya mistari 1.5, na kwa kompyuta usiache mstari utambae kutoka ukuta hadi ukuta, uzuie kati ya herufi 45 na 75 hivi ndio jicho lisipotee likirudi mwanzo wa mstari. Aya zianzie kushoto. Kuweka katikati ni kwa kichwa kifupi, si kwa maelezo ya mistari sita.

Vidole sasa. Mtafiti Steven Hoober mwaka 2013 aliangalia watu zaidi ya 1,300 wakitumia simu barabarani na mahali pengine pa umma, akakuta karibu nusu ya wale waliokuwa wanagusa skrini, asilimia 49, wanashika kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa kidole gumba. Hapa kwetu mkono wa pili umeshika chuma ya matatu, kwa hivyo hio naiamini kabisa. Batani kubwa ya kununua ama ya kupiga simu ikae sehemu ya chini ambayo gumba linafika, isiwe juu kulia kwa kona. Ukubwa, miongozo ya WCAG 2.2 (ya kufanya websaiti itumike na kila mtu, hata mwenye ulemavu) iliyotoka 2023 inasema angalau pikseli 24 kwa 24, Apple wanapendekeza 44, Google 48 kwa Android. Mimi nachukua 48 na nafasi kidogo katikati, usiweke "Ondoa" ikigusana na "Lipa". Namba ya simu iwe linki inayopiga, na till ya M-Pesa iandikwe kama maandishi ya kawaida yanayoweza kukopiwa, isiwe ndani ya picha.

Alafu kuna ile ya ukurasa kuruka. Unataka kubonyeza "Weka kwa kikapu", picha inamaliza kushuka juu yake, kila kitu kinasukumwa chini na kidole kinaangukia kitu kingine. Inatokea sana intaneti ikiwa polepole. Tiba yake ni ndogo, kila picha iandikiwe upana na urefu wake kwa HTML ya ukurasa ili nafasi yake ishikiliwe kabla ifike. Google wanakipima hicho kitendo, wanakiita CLS, na wanataka alama isizidi 0.1.

Na rangi, tumefika. Kipimo ni kimoja tu cha kuanzia, maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya mwangaza ya angalau 4.5 kwa 1 na kile kilicho nyuma yake, maandishi makubwa 3 kwa 1. Kijivu #767676 (hio ni namba ya rangi kwa kompyuta) juu ya nyeupe kinapita kwa shida, kijivu #999999 ambacho madizaina wanakipenda sana kinaanguka vibaya. Hata ile kijani ya WhatsApp, #25D366, ukiweka maandishi meupe juu yake haifiki hata 2 kwa 1, kwa hivyo batani ya WhatsApp weka maandishi meusi ama chukua kijani iliyokolea. Jaribu kusoma bei nje, saa saba mchana jua likiwa limewaka, ndio utajua. Rangi moja ichague iwe ya vitu vya kubonyeza peke yake, usiitumie kupamba vichwa, na usiache rangi iongee peke yake: kando ya kidoti cha kijani andika "Ipo", kando ya chekundu "Imeisha", kuna watu hawatofautishi hizo mbili.

Kabla uilipishe

Tafuta watu watano hivi wenye magari, mmoja mmoja. Mpe simu, ya kwake ikiwezekana, umwambie, "Taa ya nyuma kushoto ya Vitz yako imevunjika, itafute hapa." Alafu nyamaza. Hii ndio ngumu, utatamani kumwonyesha kwa kidole, usimwonyeshe. Angalia anaanzia wapi, anasita wapi, anarudi nyuma mara ngapi, na akisema neno lolote la kutafuta, "taa ziko wapi sasa", liandike vile vile alivyolisema, linaeza kuwa ndio jina sahihi la menyu yako.

Ikishaenda hewani, kila mwezi fungua orodha ya vitu watu wameandika kwa kisanduku cha kutafuta. Yale yaliyotafutwa sana na yako kwa websaiti inamaanisha njia ya kwenda pale haionekani, yasogeze mbele. Yale yaliyotafutwa sana na hayapo kabisa, hio orodha mpelekee mwenye duka kabla aagize mzigo unaofuata.